Usingizi wa mfanyabiashara wa mpakani: Jua tatizo lako kabla ya kumeza kidonge

KIMISAGARA, Kigali – Saa 11 alfajiri, mitaa mingi ya Kigali ikiwa bado kimya, Kimisagara huwa imeshaamka. Kutoka sekta hii ya wilaya ya Nyarugenge hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo ni mwendo mfupi wa miguu. Pale ndipo yanapofikia mabasi yaliyosafiri usiku kucha kutoka Kampala, na ndipo wanapopandia wanaowahi Gatuna, Rusumo au Rubavu kabla jua halijawa kali. Wauza nyanya, viazi na samaki nao huamka kabla ya alfajiri ili wapokee mizigo mapema.

Kwa mfanyabiashara anayeishi hapa, au anayepanga chumba cha wageni huku akisubiri mzigo, usiku ni mfupi. Katika biashara ya kuvuka mipaka kulala kidogo huhesabiwa kuwa ni bidii. Huonekana tatizo siku mtu anapokosea kuhesabu noti, anaposahau begi kwenye basi, au dereva anapoacha barabara.

Watu wazima wengi wanahitaji usingizi wa muda usiopungua saa 7 kila usiku. Anayelala nusu ya muda huo kwa sababu ya safari si lazima awe mgonjwa. Huenda amekosa nafasi tu. Lakini yuko mwingine ambaye kitanda anacho, nafasi anayo, na bado usingizi hauji. Yuko pia anayelala usiku mzima na kuamka amechoka kama aliyepakua lori. Yuko anayesumbuliwa na miguu, na yuko anayeogopa kufumba macho kwa sababu ya ndoto.

Haya ni matatizo tofauti. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuyatibu yote kwa njia moja: kidonge cha usingizi kilichonunuliwa bila cheti cha daktari, au chupa mbili za bia kabla ya kulala. Kidonge kile kile kinachomtuliza mmoja kinaweza kumhatarisha mwenzake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kujua tatizo ulilonalo ni lipi.

SAA YA MKONONI NA SAA YA MWILINI

Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hutumia saa zinazofanana. Uganda, Kenya na Tanzania ziko mbele kwa dakika 60. Anayetoka Kampala kuja Kigali hurudisha saa yake nyuma akifika Gatuna. Anayekwenda Tanzania kupitia Rusumo huisogeza mbele.

Dakika 60 peke yake hazimuumizi mtu. Kinachoumiza ni mpangilio unaovurugika: usiku mmoja ndani ya basi, unaofuata katika chumba cha wageni chenye kelele, wa tatu nyumbani. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo huongozwa zaidi na mwanga. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini inayouandaa mwili kulala. Mwanga wa asubuhi huizima. Anayebadilisha muda wa kulala kila siku huifanya saa hiyo ipoteze mwelekeo, na matokeo yake ni kuwa macho usiku na kusinzia mchana.

Serikali ya Rwanda ilibadilisha ratiba za watu wengi kuanzia Januari 2023. Shule zilipangiwa kuanza saa 2:30 asubuhi na kazi za ofisini saa 3:00, hatua iliyolenga ubora wa elimu, tija kazini na ustawi wa familia. Kuanzia Septemba 2023, baa na sehemu za starehe ziliwekewa mwisho wa saa 7 usiku katika siku za kazi, na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Lakini soko na basi havifuati ratiba ya ofisi, kwa hiyo mfanyabiashara hana budi kujipangia mwenyewe.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna msaada mmoja ambao watu wa Ulaya hawana: jua letu huchomoza na kuzama karibu muda ule ule mwaka mzima. Tumia nafasi hiyo. Siku zisizo na safari, amka muda mmoja, hata kama ulichelewa kulala. Ukifika alfajiri baada ya usiku wa basi, usilale mchana kutwa. Pumzika kwa muda usiozidi dakika 90, kisha toka nje upate mwanga, na usiku huo lala mapema. Mlinzi, mpakiaji au dereva anayelazimika kulala mchana afunike dirisha kwa kitambaa kizito, azime simu, na aombe wenzake wamheshimu kama wanavyomheshimu aliyelala usiku.

USINGIZI UNAPOGOMA

Tatizo linalojulikana zaidi ni kukosa usingizi. Kila mtu hulipata mara moja moja: mzigo umezuiliwa forodhani, bei ya dola imepanda, mteja wa Goma hajalipa. Wataalamu huliita la muda mrefu pale mtu anaposhindwa kulala, au anapoamka katikati ya usiku na kushindwa kurudi usingizini, angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, ingawa anayo nafasi ya kulala, na mchana wake ukaharibika kwa sababu hiyo.

Mara nyingi chanzo huisha lakini tatizo likabaki. Deni limelipwa, ila mwili umeshajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kuhesabu madeni. Mtu huanza kuogopa usiku wenyewe. Hutazama saa, hupiga hesabu ya muda uliobaki kabla ya basi kuondoka, na hofu hiyo ndiyo inayomfukuzia usingizi.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanze na tiba ya kubadili fikra na tabia za kulala, kabla ya dawa. Hatua zake hazihitaji mashine:

Kwanza, daftari. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari, na usingizi nao ni vivyo hivyo. Kwa wiki 2 andika umepanda kitandani saa ngapi, unakadiria ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na ulikunywa nini jioni. Daftari hilo litamsaidia mhudumu wa afya kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Pili, kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya ndoa tu. Kuhesabu mauzo, kujibu ujumbe wa wateja na kupiga simu za mizigo kufanyike mahali pengine. Katika nyumba ya chumba kimoja, kama zilivyo nyingi huku milimani, hata kiti kimoja pembeni kinatosha kuwa ofisi.

Tatu, panda kitandani ukiwa na usingizi. Ukikaa macho kwa kama dakika 20, ondoka, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, urudi usingizi ukija. Usitazame saa.

Nne, wasiwasi upewe muda wake. Saa 1 au 2 usiku, keti na kalamu, andika madeni na kazi za kesho, na mbele ya kila moja andika hatua moja utakayochukua. Kilichoandikwa hakihitaji kukumbukwa tena usiku wa manane.

Tano, punguza muda unaokaa kitandani bila kulala. Kama daftari linaonyesha unakaa kitandani muda wa saa 9 na kulala 6 tu, panda saa 5:30 usiku na uamke saa 11:30 alfajiri kwa wiki kadhaa, kisha ongeza kidogo kidogo usingizi ukishakuwa wa mfululizo. Hatua hii huleta uchovu siku za mwanzo. Dereva, mama mjamzito na mwenye kifafa wasiifanye bila kusimamiwa na mhudumu wa afya.

Kuhusu chai na kahawa, hesabu ni rahisi. Kwa mtu wa kawaida, baada ya muda wa saa 5 hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Chai nzito ya saa 11 jioni bado inafanya kazi saa 4 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa stendi navyo vina kafeini. Viwe vya asubuhi, au viachwe.

KUKOROMA SI DALILI YA USINGIZI MZITO

Watu wengi humcheka anayekoroma kwenye basi na kusema huyo amelala kweli. Huenda hajalala. Kuna tatizo ambalo koo hujifunga mtu akiwa usingizini, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo ukashtuka na kumwamsha kidogo ili avute hewa, kisha akaanza tena kukoroma. Kwa mwenye hali mbaya hutokea zaidi ya mara 30 katika kila saa moja ya kulala. Asubuhi hakumbuki chochote. Anachojua ni kwamba alilala mapema na ameamka na kichwa kinauma.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wengi hawajui. Likiachwa, huambatana na shinikizo la damu, kiharusi na magonjwa ya moyo, mbali na hatari ya ajali.

Jiulize maswali manne. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika chumba cha pili? Je, unachoka au kusinzia mchana ingawa umelala? Je, kuna mtu aliyewahi kukuona pumzi ikikatika usingizini? Je, una presha? Anayejibu ndiyo kwa mawili au zaidi ana sababu ya kumwona daktari, hasa akiwa na uzito mkubwa, shingo nene au umri wa zaidi ya miaka 50. Wanaume hupata zaidi, lakini wanawake waliokoma hedhi wasijitoe. Anayelala peke yake amwombe msafiri mwenzake amsikilize, au aweke simu irekodi sauti usiku.

Hapa ndipo kidonge cha usingizi na pombe vinapokuwa hatari. Vyote hulegeza misuli ya koo na kuchelewesha ubongo kushtuka. Anayekatika pumzi akivitumia, vipindi vya kukosa hewa vinaweza kuongezeka na kurefuka. Kwake, usingizi mzito wa dawa si mapumziko.

Nafuu huanza na kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, na kuacha pombe ya usiku. Kwa hali ya kati na kali kuna mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo libaki wazi. Ilibuniwa na daktari wa Australia, Colin Sullivan, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1981. Mashine hiyo si kitu cha kununua kiholela. Kwanza daktari wa hospitali kubwa apime na kuthibitisha.

MIGUU ISIYOTULIA

Kuna mtu ambaye akishajilaza tu miguu huanza kumsumbua. Si maumivu hasa, ni hamu kubwa ya kuichezesha, kama kuna wadudu wanaotembea ndani. Akisimama na kutembea hupata nafuu. Akirudi kitandani inaanza upya. Mchana hali huwa afadhali, jioni na usiku huzidi. Anayesafiri kwenye kiti chembamba cha basi usiku kucha hupata tabu maradufu.

Tatizo hili lina uhusiano mkubwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa wajawazito, na pia watu wenye ugonjwa wa figo. Kwa kuwa wanawake ni wengi miongoni mwa wachuuzi wa mipakani, jambo hili linawahusu moja kwa moja. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama chuma kimepungua, na kikirudishwa kwa vidonge alivyoandika mhudumu, wengi hupata nafuu. Usijipe vidonge vya chuma bila kupimwa, kwa sababu chuma kikizidi nacho ni sumu.

Chakula husaidia: maharagwe, dodo, isombe, dagaa, na nyama inapopatikana. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma isifyonzwe, kwa hiyo zinywe kando ya mlo. Kafeini na pombe za jioni huweza kuizidisha hali hii, na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi pia huichochea. Ni mfano mwingine wa dawa inayonunuliwa ili mtu alale, ikaishia kumnyima usingizi.

JINAMIZI NA NDOTO NZITO

Kiswahili kina neno la zamani kwa hali nyingine: jinamizi. Mtu huamka, macho yanaona chumba, lakini mwili haunyanyuki na sauti haitoki. Wengine huhisi mtu amewakalia kifuani. Baada ya sekunde chache au dakika moja mbili, hali hupita.

Wataalamu hueleza kuwa tunapoota, ubongo huzima misuli ili tusifanye kwa vitendo tunayoyaota. Mara chache akili huamka kabla misuli haijawashwa tena, na sehemu ya ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Watafiti kadhaa wameihusisha hali hii na hofu ya popobawa iliyowakumba watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995. Kila mtu na imani yake, lakini kiafya jinamizi lenyewe halidhuru mwili. Huja zaidi kwa anayelala kidogo, anayebadilisha ratiba, mwenye msongo na anayelala chali. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hayo yote huweza kukutana katika wiki moja. Dawa yake ya kwanza ni usingizi wa kutosha na wa muda ule ule.

Ndoto mbaya zinazojirudia ni jambo jingine. Katika ukanda huu kuna waliopitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, na waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kuwa athari za kiakili zitokanazo na matukio ya kutisha ziliwakumba asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini asilimia 27.9 ya manusura wa mauaji hayo. Kukosa usingizi na ndoto za kushtusha ni miongoni mwa dalili zake, na kwa wengi huzidi Aprili, wakati wa kumbukumbu.

Mtu wa namna hii haambiwi apunguze kahawa tu. Anahitaji mtu wa kumsikiliza na tiba kamili, na tiba hiyo ipo. Vivyo hivyo kwa anayeamka usiku wa manane kila siku na moyo mzito, hamu ya chakula imekwisha na biashara haimpi furaha tena. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ikitibiwa usingizi nao huweza kurudi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

SI KILA USINGIZI MWINGI NI MALALE

Wapo wanaosikia habari za ugonjwa wa usingizi na kufikiria malale. Malale ni kitu kingine: huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, na bila matibabu huua. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wapatao robo milioni nchini Uganda, hasa kando ya Ziwa Viktoria. Leo hali imebadilika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Rwanda imeondokana na malale ya aina inayopatikana Afrika Mashariki kama tatizo la afya ya jamii, na mwaka huo huo likaithibitisha Uganda kwa aina nyingine, ile ya Afrika Magharibi na Kati. Hata hivyo, anayepita kwenye mapori yenye mbung'o kisha akapata homa, maumivu ya kichwa na kusinzia kusiko kwa kawaida, amweleze daktari alikopita.

Dawa za maradhi mengine nazo huweza kuvuruga usingizi. Mefloquine, moja ya dawa za malaria, hujulikana kwa kuleta ndoto kali. Kwa baadhi ya watu, dolutegravir, inayotumiwa na wengi wanaoishi na VVU, huleta shida ya kulala. Anayepatwa na hali hiyo asiache dawa. Amuulize mhudumu wake kama anaweza kuinywa asubuhi. Anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo na ana kiu isiyokwisha apimwe sukari.

KIDONGE KINAPOVUKA MPAKA

Diazepam, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, na dawa za jamii yake humfanya mtu alale. Tatizo ni kwamba mwili huzizoea. Baada ya wiki chache kidonge 1 hakitoshi, na anayeziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu anaweza kupata wasiwasi mkali, kukosa usingizi zaidi, hata degedege. Zikichanganywa na pombe zinaweza kusimamisha pumzi. Kesho yake uzito wake bado umo kichwani wakati mtu anahesabu fedha au ameshika usukani.

Kwa anayevuka mipaka kuna jambo la pili. Diazepam imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Kuibeba bila cheti cha daktari kunaweza kukuingiza matatani na forodha au polisi. Aliyeandikiwa abebe cheti na dawa zikiwa katika pakiti yake.

Jambo hilo ni kubwa zaidi kwa vichangamshi. Miraa ni biashara halali nchini Kenya, lakini ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku Tanzania na Rwanda. Kinachomweka dereva macho upande mmoja kinaweza kumfunga jela upande wa pili. Hata pale inaporuhusiwa, miraa hailipi deni la usingizi. Hulisogeza mbele tu.

BARABARANI DENI HULIPWA PAPO HAPO

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, na kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,600. Majaribio yaliyofanywa Australia katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ndicho mwisho kwa dereva. Akifikisha muda wa saa 24, ni karibu mara mbili ya kiwango hicho.

Anayesinzia kwa sekunde 4 tu, katika basi lenye kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa kama sheria ya Rwanda inavyotaka, anakuwa ametembea karibu mita 67 bila dereva. Ndiyo maana sheria ya usalama barabarani ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Tanzania, iliyozuia mabasi kusafiri usiku kwa miaka mingi, iliyaruhusu tena mwaka 2023, jambo linalofanya usingizi wa dereva kuwa suala la kila abiria.

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumwondolei mtu usingizi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa na kulala dakika 15 hadi 20. Kafeini huanza kufanya kazi wakati wa kuamka. Hiyo ni akiba ya dharura, haichukui nafasi ya usiku. Abiria anayeona dereva anayumba au anapiga miayo mfululizo ana haki ya kusema. Wenye mizigo wanaolipana na madereva kwa kuwahi wajue pia wananunua nini.

UANZIE WAPI

Kimisagara ina kituo cha afya, na hapo ndipo pa kuanzia, si duka la dawa. Nenda na daftari lako la wiki 2. Uliza upimwe presha, sukari na damu. Vituo vya afya na hospitali za wilaya nchini Rwanda hutoa pia huduma za afya ya akili, na kesi ngumu hupelekwa rufaa, ikiwemo hospitali ya Ndera inayoshughulikia maradhi ya akili na mishipa ya fahamu. Mwenye Mituweli afuate ngazi hizo ili bima yake ifanye kazi. Namba 114 ya Wizara ya Afya hutoa maelezo, na 912 ni ya dharura ya kitabibu.

Kwa asiye mkazi, kadi ya bima ya nchi moja kwa kawaida haikubaliki upande wa pili wa mpaka. Panga kupimwa ukiwa nyumbani, Kampala, Mwanza au Bukavu, kabla ya safari, na beba nakala ya majibu.

Usisubiri miezi kama unasinzia ukiendesha, kama umeambiwa pumzi yako hukatika, kama una mimba na unakoroma kwa nguvu huku presha ikipanda, au kama usiku unakujia mawazo ya kujiua. Hayo ni ya kwenda leo.

Aliye na nafasi ya kulala ila hajaitumia anajua la kufanya. Aliyeitumia na bado hapumziki aende akapimwe, na kidonge kingoje mpaka jina la tatizo lijulikane.